Harusi Iliyokuja kwa Flashi

Juzi nilipita Kibiti, nikakuta fundi redio ameifungua deki ya zamani anachomoa vipuri. Mbele yake bado kulikuwa na kile kitundu bapa cha kuchomekea flashi. Nadhani nawe unakikumbuka. Tulikuwa tumezoea CD zilizokwaruzika, zinazoganda picha pale pale panaponoga, na deki zilipoanza kuja na kitundu hicho tuliona hakuna tena kitakachotushinda. Nilisimama pale hadi fundi akaniuliza kama nainunua.

Mwaka ninaoukumbuka nilikuwa darasa la tano, nakaa kwa bibi yangu, kijiji cha Mkongo. Babu alikuwa amefariki na bibi alikuwa amekaa eda, miezi minne na siku kumi, nguo nyeupe, hatoki nyumbani. Kazi zote za nje zilikuwa zangu. Nilichota maji, nilianika mpunga na kufukuza kuku, nilibangua korosho hadi vidole vikababuka kwa utomvu, naye akiniongoza kutoka dirishani. "Mke mwenzangu," aliniita, kama mabibi wa kwetu wanavyowaita wajukuu wa kike, "kuku wanakula wali wako hao."

Katikati ya eda hiyo mama mdogo, kitinda mimba wa bibi, aliolewa. Babu aliacha neno kwamba harusi isisogezwe kwa ajili yake, kwa hiyo ikafungwa Dar es Salaam nyumbani kwa mjomba. Bibi hakwenda. Siku ile alikaa mkekani anapeta mchele ambao ulikwisha petwa.

Kilichomsumbua hakikuwa kukosa shughuli. Aliogopa kuwa amemtoa mtoto akaolewe wakati machozi ya baba yake hayajakauka. "Nataka nimwone uso tu," alisema. "Nijue alitoka analia au vipi." Mjomba alipoulizwa kwa simu ya jirani alijibu kwamba mambo yalikuwa sawa. Bibi hakuridhika. "Huyu husema sawa hata paa likiwaka."

Wiki chache baadaye ikaja bahasha kwa basi, ndani yake flashi. Bibi aliipima kiganjani. "Harusi yote imo humu? Na masufuria?" Akaifunga kwenye pindo la nguo yake.

Televisheni na deki vilikuwa kwa jirani, na bibi hakuweza kwenda huko. Ilibidi viletwe. Mke wa jirani alitangulia kwa mwalimu wa madrasa kuuliza kama inafaa harusi kuchezwa mbele ya mwenye eda. Mwalimu akamjibu, "Asitoke, asijipambe. Kumwona mwanawe nani kamkataza? Madufu tu myapunguze sauti."

Basi alasiri moja jirani akaja na televisheni ndogo, deki, betri la gari na inveta ya kugeuza umeme wake. Bibi akakaa chumbani hadi vyote vikaungwa sebuleni, kwa kuwa jirani si maharimu wake, si ndugu wa kuonana naye. Alipomaliza, jirani akatoka akaenda kukaa barazani, mlango ukafungwa, bibi na wanawake wa mtaani wakakaa mkekani. Rimoti nikapewa mimi kwa sababu nilijua kusoma. Jirani akawa anaiendesha deki yake kwa sauti, kupitia ukutani.

"Imeandika nini?"

"Imeandika Kiingereza."

"Nitajie herufi."

Nikamtajia. Akaniambia nishuke chini mara mbili, nibonyeze katikati. Kioo kikawa cheusi. Kisha madufu yakalia, vigelegele vikapanda, na kioo bado cheusi.

"Picha hakuna," nikasema.

"Igonge ubavuni, taratibu."

"Ubavu gani?"

"Wa deki, siyo wako."

Tuligonga, tukachomoa flashi, tukaipuliza, tukairudisha. Sauti tu. Mke wa jirani akasema labda deki imechoka. "Deki yangu nzima," sauti ya barazani ikajibu. "Hiyo flashi ndiyo imekuja na maringo ya Dar."

Bibi akasema tuiache icheze hivyo hivyo. Tukaisikiliza harusi kama taarifa ya habari. Bibi alimtambua kila mtu: huyu anayekata kigelegele kabla hakijafika ni mama mkubwa, huyu anayekohoa ni wifi yake. Kisha watu wakanyamaza. Tukamsikia mjomba, ambaye baada ya babu kufa ndiye walii wa bibi harusi, akimwuliza mama mdogo kama anamruhusu amwozeshe. Kabla ya jibu mtu akawa analia, kilio cha kujibana. Halafu mama mdogo akajibu, kwa sauti ndogo, kwamba ameruhusu.

Bibi akaniambia nizime. Hakula usiku ule, wala kesho yake hakuniita dirishani.

Jirani aliichukua flashi, akapanda baiskeli hadi Kibiti kwa kijana wa kuchoma CD. Alirudi jioni amejaa vumbi na maelezo. Deki, alituambia akiwa nje ya mlango, inajua aina yake ya video. Hii ilikuwa ya aina nyingine, ndiyo maana sauti iliipata na picha ikaikosa. Kijana ameigeuza.

Kesho yake tukakaa tena mkekani. Safari hii picha ikaja. Bibi aliwatazama wote wakipita, hadi mjomba akaingia chumbani kwa bibi harusi, akapiga magoti, akauliza lile swali. Kisha uso wake mkubwa ukakunjamana, mabega yakatikisika. Aliyelia alikuwa yeye. Mama mdogo akaushika ukingo wa mtandio wake, akamfuta kaka yake machozi, akatabasamu, ndipo akajibu.

Bibi akacheka. Alicheka hadi akajilaza ubavu, mara ya kwanza tangu tumzike babu. "Rudisha," akaniambia, nikarudisha, akacheka tena. Kisha akaomba simu kwa jirani, ikapitishwa dirishani. "Kumbe siku ile nilioza wawili," alimwambia mjomba. "Wewe umeolewa na nani?"

Jirani alituachia vyombo vile siku tatu nzima, na betri lilipoisha alilipeleka mwenyewe kuchajiwa. Sikuwahi kumshukuru ipasavyo. Naye sasa hayupo, kama bibi. Nyumba ilikwenda na mafuriko, flashi ndani yake. Siku hizi kila mtu ana video zake kwenye simu na anazitazama peke yake, hahitaji mkeka wala mtu wa barazani.

Mama mdogo huniuliza kama kuna nakala ya harusi yake. Namjibu hakuna. Lakini harusi yake anaikumbuka. Anachotaka hasa, akishamaliza kuuliza, ni nimwambie tena jinsi mama yake alivyocheka. Hilo halikurekodiwa na mtu, na kati ya waliokuwa mkekani siku ile nimebaki mimi. Basi nakaa, namsimulia tangu mwanzo.