Kigelegele Changu Kilizima Swali la Kabula

Nimekosa, ndugu zangu. Sitafuti wa kunionea huruma. Nimechoka tu kulibeba hili peke yangu.

Juzi binti yangu karudi nyumbani hapa Mabatini na kitabu cha shule. Kukitazama, kumbe kilekile tulichosoma sisi! Hadithi ya mtemi anayeuza kisima cha kijiji, huku mama mmoja akimpigia vigelegele. Anapiga tu, hadi mtemi anaondoka na kamba ya ndoo.

Darasani tulikisoma kwa sauti, na sehemu ya yule mama ilikuwa yangu. Mwalimu mwenyewe alifuta machozi kwa kucheka. Nilimcheka yule mama, jamani! Nikasema, wajinga wa namna hii wako wapi?

Kumbe mmoja ni mimi.

Nilifanya kazi kiwanda cha kuchambua pamba, pamoja na Kabula. Tuliajiriwa katika wiki moja, tukala mihogo sahani moja miaka tisa. Yakaja haya mambo ya kubinafsisha. Tukaambiwa kiwanda kimepata tajiri wa kukinunua, tukusanyike uani tumpokee.

Asubuhi meneja akaniita pembeni. "Mama Neema, wewe ndiye mchangamfu. Mgeni akimaliza kusema, changamsha watu. Usimamizi wa wafunga marobota ya pamba hautakupita."

Hee! Usimamizi! Nikajifunga kitenge kipya.

Tajiri akasema yake, mashine mpya, maendeleo. Alipomaliza tu, Kabula akasimama, mkono juu. "Samahani mzee. Sisi tuliopo, tunabaki kazini au tunaondoka?"

Meneja akanitazama.

Nikapiga kigelegele! Kirefu, kile cha harusini. Akina mama wakadakia, ngoma ikaingia, tajiri akapunga mkono, akapanda gari lake. Kabula alibaki amesimama vilevile, mkono bado juu.

Mwezi haukuisha, majina ya wanaopunguzwa yakabandikwa getini. La kwanza la Kabula. Mimi huo usimamizi niliupata kweli, nikaukalia msimu mmoja wa pamba, kisha nami nikabandikwa.

Watu waliponisema nilijitetea, "Jamani, sikumsikia!" Uongo huo niliusema hadi kanisani.

Sasa binti yangu ananiambia, "Mama, nisomee sehemu ya huyu mama wa vigelegele. Baba anasema ulikuwa unaiweza." Nikaanza. Nikafika ukurasa wa pili, nikaishia hapo. Nikamrudishia kitabu chake, nikaenda jikoni kulia.

Kesho yake nikaenda mwaloni, kwenye soko la samaki kando ya ziwa, Kabula anakouza dagaa siku hizi. Nikasimama mbele ya meza yake. "Kabula, siku ile nilikusikia."

Hakuacha kupima. "Najua," akasema. "Si tulikuwa tumekaa bega kwa bega?"

Nikamwomba radhi. Akasema yamepita. Akanifungia dagaa wangu kopo moja, sawasawa na ukingo, akamgeukia mteja mwingine. Kabula yule wa zamani asingeniacha niondoke bila nyongeza!

Wenzangu, mkivisoma vitabu hivyo msiwe wepesi wa kucheka. Na ukiombwa kuchangamsha mkutano, angalia kwanza nani amesimama anataka kuuliza. Mwache amalize, hata kama meneja amekukazia macho.

Mimi siku hizi hata kwenye harusi za ndugu sipigi tena vigelegele. Wakiniuliza, nasema koo linaniuma.