Mguu wa Mbwa wa Mume Wangu

Mume wangu alipoondoka na mgambo kwenda vitani aliniachia mimba changa na mbwa wake wa kuwindia. Kuhusu mimba hakusema mengi. Kuhusu mbwa alirudi kutoka njiani kunisisitizia: "Huyu nimkute mzima." Nilikasirika, lakini niliahidi.

Tulikuwa kijiji cha ujamaa upande wa Nyakahura, nyumba zimepangwa mstari, mlango wako unaangalia wa mwenzako. Jirani yangu alikuwa mama wa Kisukuma, mgeni kutoka Shinyanga, mwenye ng'ombe wachache na kuku wengi. Mbwa alipoanza kuchechemea mguu wa mbele sikuuliza mara mbili. Alikuwa ameshakula mayai ya yule mama, na yule mama hakuwa mbali na fimbo. Kila asubuhi akiniuliza, "Habali ya mgonjwa?" nilimjibu, "Anaendelea," huku nikimtazama mikono. Kikulacho ki nguoni mwako.

Uvimbe ukakua juu ya kifundo, mgumu, una joto. Bwana mifugo alipokuja joshoni kuogesha ng'ombe nikamwonyesha, nikamwambia ni fimbo ya jirani. Aliubonyeza, mbwa akalia.

"Hii si fimbo, mama. Ni kansa ya mfupa. Haimwambukizi mbwa mwingine, ila itapanda mpaka kwenye mapafu. Tuukate mguu wote wiki hii. Huenda tukaiwahi, siwezi kukuapia."

Haki ya Mungu, sikumwamini hata neno moja. Watu wa serikali ndio waliotuambia tunahamia kijijini kwa hiari, kisha wakatuma watu kutung'olea mapaa. Nyumba yangu walishaichukua, sasa wanataka na mguu wa mbwa! Tena siku ileile nilimwona huyo bwana mifugo akinywa maziwa kwa jirani. Nikajumlisha mwenyewe.

Sisi tuliohamishwa hatukuyaacha mahame yetu hivihivi. Migomba ilibaki kule, na kila jambo tusilotaka kijiji kijue tulilipeleka kule. Nikampeleka mbwa, nikamfunga kwenye migomba yangu ya zamani, mbali na macho ya yule mama. Kila siku nilikwenda kumkanda kwa maji ya chumvi. Niliona nikimtenga na mtu yule nitakuwa nimeuzuia ugonjwa usienee.

Baada ya wiki kadhaa alianza kukohoa. Nilisimama na sufuria yangu ya maji, nikakumbuka neno "mapafu", nikaogopa sana. Bado sikumrudia bwana mifugo. Ningemwambia nini?

Siku moja nikakuta majani makavu ya migomba yametandikwa chini ya mbwa, na kando yake bakuli la maziwa. Nililijua bakuli lile. Nikayamwaga maziwa yote, nikiamini ni sumu. Mbwa akajikokota, akalamba udongo uliolowa. Kesho yake bakuli lilikuwa limejaa tena. Alikunywa, na hakufa kwa maziwa. Alikufa siku nyingi baadaye, amekonda, hawezi kuvuta pumzi, nami nikamzika palepale nikilia kwa sauti.

Vita ilipokwisha mume wangu alirudi. Alipiga mluzi wa kumwita mbwa kabla hajaniangalia mimi wala mtoto mgongoni. Jibu nilikuwa nalo tayari, nimelitunza miezi mingi: jirani alimpiga fimbo, akaoza mfupa. Kabla sijafungua mdomo, yule mama akatoka mlangoni kwake.

"Pole, shemeji. Alikufa kwa ugonjwa wa mfupa, umepanda kifuani. Mke wako alimuuguza na mimba yake, kila siku kwa miguu mpaka mahame. Hakuna alichoacha kumfanyia."

Mume wangu akanishika mkono, akanishukuru mbele yake. Nami, kwa tabia yangu ileile, nikamtazama yule mama usoni nitafute kejeli. Sikuiona.