Kijito Kisicho na Kipimo

Nilirudi mlimani nikiwa na goti bovu na cheo ambacho sikukiomba. Sehemu kubwa ya maisha yangu niliimalizia Kasese mjini, kule tambarare kwenye joto, nikiwa karani wa kiwanda cha kuchambua pamba. Kaka yangu alipofariki, ukoo uliniita nyumbani, huku juu ya Nyakiyumbu, nishike nafasi yake. Kwetu kila mgongo wa mlima una ukoo wake, na ukoo una mtu tunayemwita mkubwa wa mgongo. Si chifu, wala hana askari. Kazi yake ni kujua mipaka. Mgeni akitaka kuonyeshwa mahali kwenye mgongo huo, liwe kaburi, shamba au chemchemi, mkubwa ndiye anayekwenda kusimama pale kwa miguu yake mwenyewe. Akionyesha mtu mwingine, ni kama hapajaonyeshwa.

Kaka aliifanya kazi hiyo mpaka mwezi aliougua. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha ofisi muda mrefu mno, na magunia ya pamba niliyobeba nikiwa kijana yalikuwa yameniachia goti linalokataa mteremko. Nilificha. Nilipokuwa nachechemea, nilisimama nikajifanya naangalia kahawa za watu.

Wakati huo simu za kugusa kioo zilikuwa zimeanza kuzoeleka Bwera, mji mdogo ulio chini yetu, na sisi tulikuwa tumekubaliwa mradi wa maji. Maji yangetegwa kwenye kijito chetu, juu kabisa penye mianzi, yaingie kwenye tanki, halafu paipu ishuke bila pampu yoyote. Ingepita kwanza kwenye nyumba za juu, yangu ikiwemo, ishuke mpaka kitongoji cha mwisho, kile kinachotazama Bwera na vilima vya Kongo. Huko ndiko anakoishi dada yangu mkubwa, ambaye ni mjane. Wanawake wa huko walikuwa wakishuka bondeni kuteka maji, kisha wanapanda na jerikani mgongoni, kamba imepita kwenye paji la uso. Dada alikuwa amepita umri wa kufanya hivyo, na bado alikuwa akifanya.

Paipu ya namna hiyo ina tabia moja. Maji yakipungua kiangazi, waliopo mwisho ndio wanaokauka kwanza. Kwa hiyo kila kitu kilitegemea swali moja: kiangazi, kijito chetu kinabaki na maji kiasi gani? Hakuna aliyewahi kukipima.

Aliyetumwa kutafuta jibu alikuwa mhandisi, binti wa mwanajeshi, mzaliwa wa kaskazini aliyekulia kambini. Lhukonzo, lugha yetu, hakuijua, basi tuliongea Kiswahili. Changu nilikipata kwa wafanyabiashara wa mpakani Mpondwe. Chake kilikuwa cha kambini, kifupi na cha amri.

“Mzee, vaa buti. Twende,” aliniambia asubuhi ya kwanza, hata chai hajamaliza.

“Ndiyo, afande.”

Alicheka, na tangu hapo sikumwita vingine.

Njiani nilimuuliza atawezaje kujua maji ya kiangazi ya kijito ambacho hakina kipimo, na yeye amekuja kukiona siku moja tu.

“Ule mto mkubwa kule chini, kwa daraja, iko na ubao ya namba,” alisema. “Mtu anasoma namba kila siku, miaka mingi. Tunakopa kwa ule.”

“Mnakopaje maji ya mto mwingine?”

“Hatukopi maji, mzee. Tunakopa tabia.”

Akanieleza bila haraka. Kompyuta yake ilikuwa na ramani ya milima yetu yote, na ilijua kila mahali pana urefu gani kutoka usawa wa bahari. Akiweka nukta mtoni, kompyuta inafuata miteremko na kuchora nchi yote ambayo mvua yake lazima ipite kwenye nukta hiyo. Kisha analinganisha nchi ile na nchi ya mto mkubwa wenye kipimo. Ikiwa yetu ni sehemu fulani ya ile, maji yetu yanakadiriwa kuwa sehemu hiyo ya maji ya ule, halafu anarekebisha kidogo kwa sababu huku juu mvua ni nyingi zaidi.

“Na nukta anaiweka nani?”

“Wewe. Unasimama kwa chanzo, simu yangu inachukua mahali.”

Tulifika pale njia inapovuka kijito. Chanzo kilikuwa mbali juu, nyuma ya ukuta wa mteremko. Niliutazama, goti likawa linawaka. Nikakaa juu ya jiwe, nikatia mkono majini kama mtu anayepima baridi.

“Afande, maji ni haya haya,” nilisema. “Chukua hapa.”

“Kutoka hapa mpaka juu, hakuna mto ingine inaingia?”

“Kuna kamfereji kadogo tu. Kiangazi hukauka.”

Kamfereji hako sikuwa nimekaona tangu ujana wangu. Alitazama juu, akatazama mawingu, akanitazama mimi.

“Una hakika, mzee?”

“Mimi ndiye mkubwa wa mgongo.”

Hilo lilikuwa kweli, na nililiweka mbele ya lile lisilo kweli. Ningeweza kusema goti linauma. Ningeweza kusema twende kesho, nitafute namna. Lakini mkubwa asiyeweza kufika mahali pake ni mkubwa wa nini? Basi badala ya kukubali kwamba siwezi kufika mahali, nilipahamisha mahali. Akasimama karibu nami, simu ikachukua nukta, tukateremka kabla ya mvua.

Baada ya siku chache kamati yote ya maji ilikutana Bwera, katika ukumbi wa kanisa. Binti alifungua kompyuta yake juu ya meza, nasi tukajisogeza vichwa vikigongana. Nilikuwa nimekaa Kasese nikiona ramani ofisini, lakini kama ile sikuwahi kuiona. Mlima wetu ulikuwa umelala pale kama mtu aliyelala ubavu, mikunjo yote inaonekana. Nukta yangu ilikuwa nyekundu. Juu yake kulikuwa na eneo la kijani, nchi yote inayoleta maji kwenye nukta ile, na eneo lenyewe lilikuwa na umbo la jani la mgomba lililopasuliwa na upepo, vipande viwili vinakutana kwenye shina.

Kipande kimoja kilikuwa bonde letu. Cha pili kilikuwa bonde la nyuma, lenye msitu, lile linaloleta kile nilichokiita kamfereji kadogo. Vilikaribia kulingana, na maji ya hicho cha pili huingia chini ya chanzo, mahali ambapo paipu yetu isingeyapata.

“Maji iko ya kutosha,” binti alisema. “Hata kiangazi. Mpaka kitongoji ya mwisho, na shule.”

Watu walipiga makofi. Mmoja akapendekeza kwamba, kwa kuwa ukoo wangu umetoa ardhi ya chanzo, mkubwa wa mgongo apewe bomba lake ndani ya uwanja wake. Wakakubali wote. Nilikuwa nimeshika chupa ya soda, nikainywa mpaka ikaisha.

Nilimkuta mke wangu uwanjani anachagua kahawa kwenye mkeka. Habari za bomba zilikuwa zimenitangulia. Alikuwa ameshasafisha mahali kando ya jiko, ameweka na mawe mawili ili ndoo isizame kwenye tope.

“Hapa panafaa, au unapataka mbele ili wageni waone?” aliniuliza.

Nikakaa chini nikamwambia yote. Alisikiliza akiendelea kutupa kahawa mbovu pembeni.

“Ulimwambia mtoto wa watu kwamba kile kijito cha msituni hukauka?”

“Nilidhani hukauka.”

“Ulidhani, au ulitaka kikauke?” Aliacha kahawa. “Sisi tutakunywa, baba. Paipu inaanzia kwetu. Dada yako ndiye utakayempelekea bomba la kutoa upepo.”

“Najua.”

“Goti likiuma, mtu anasema goti linauma. Ni maneno mawili tu, na hayahitaji kupanda mlima.” Kisha sauti yake ikapungua. “Nenda kesho kabla hajarudi Kasese. Mimi nitaondoa haya mawe.”

Hakuniita mwongo, ingawa alikuwa na haki. Nimeishi na mwanamke huyo maisha yangu yote ya utu uzima, na bado sijajua namna ya kumshukuru kwa kuondoa yale mawe yeye mwenyewe.

Asubuhi nilichukua bodaboda. Dereva, mtu mzima wa upande wa mpakani, alinitazama ninavyopanda kwa shida.

“Papa, tunaenda ku hospitali?”

“Kuna dawa moja naifuata, lakini haiko hospitali.”

“Basi shika muzuri.”

Binti alikuwa anafunga mizigo kwenye nyumba ya wageni. Nilimweleza nikiwa nimesimama, kwa sababu kukaa kungenifanya nionekane mgonjwa na anihurumie kabla ya kusikia. Hakunikatiza. Nilipomaliza, alitoa tena kompyuta, akaivuta nukta nyekundu kutoka pale njiani mpaka juu ya makutano ya vijito viwili, kwenye chanzo chenyewe. Alibonyeza mara moja. Kipande kimoja cha jani kikatoweka.

Nilitazama ule upande mtupu. Ndani yake niliona shule, niliona dada yangu na kamba yake.

Kisha akasema, “Hii makosa ni ya watu wawili, mzee. Ramani nilikuwa nayo kabla sijakuja. Ningeweka nukta ya chanzo mwenyewe, ningeona hiyo bonde ingine. Niliamini mdomo, nikaacha mlima.”

“Mdomo wenyewe ulikuwa wangu.”

“Ndiyo, ulikuwa wako.” Hakutabasamu. “Sasa tunapanda. Kompyuta inakadiria tu. Kiangazi hii napima na ndoo, kwa chanzo yenyewe, na wewe umesimama hapo.”

“Afande, goti...”

“Goti nimesikia. Tafuta njia.”

Njia ilikuwapo, na ndiyo niliyokuwa naikwepa. Kila mgongo huku kwetu una kikundi cha wanaume wanaobeba wagonjwa na wajawazito kwa machela mpaka hospitali ya Bwera, kwa sababu gari haliwezi kufika. Nilikuwa mwanachama, nikitoa mchango wangu kama wengine, na sikuwahi kulala ndani yake. Kiangazi kilipokolea, binti akarudi, nikawaita. Walikuja na machela ya mianzi na blanketi. Walipojua kwamba hawashuki bali wanapanda, na mgonjwa mwenyewe anaongea, waliniweka mabegani wakaanza kunisema.

“Huyu mgonjwa ana uzito wa ofisi.”

“Tukimwangusha, tuseme alikuwa ameshafariki tangu nyumbani.”

“Mzee, hebu uugue kidogo. Watu wanatuona.”

Wanawake tuliokutana nao walishusha mizigo wakaanza kunipa pole, kisha wakasikia nacheka, wakakasirika kwamba wamepoteza huruma yao. Mmoja alisema nimeona teksi ya bure. Nilikuwa nimeiogopa aibu hiyo kwa muda mrefu, na ilipofika ilikuwa na mabega ya watu chini yake. Kwenye ule ukuta wa mteremko walinyamaza, nikawasikia wanavyohema kwa ajili yangu. Sina neno la kutosha kwa ajili ya wanaume wale.

Penye mianzi waliniteremsha. Nilisimama kwa miguu yangu kando ya maji, nikamwonyesha binti mahali, na ukoo ukashuhudia. Alielekeza maji yote kwenye kipande cha paipu, akaweka ndoo chini, akaangalia saa, akamwaga, akarudia tena na tena mpaka akaridhika.

“Iko karibu na ile kompyuta ilisema ya pili,” alisema. “Ile ndogo.”

Michoro ilibadilika. Mabomba yakapunguzwa, yakawa ya watu wengi kwa pamoja, na shule ikabaki na matanki yake ya mvua. Tanki letu likafanywa kubwa zaidi, ili likusanye maji usiku watu wakiwa wamelala. Bomba la uwanjani kwangu niliomba mwenyewe lifutwe. Kikaoni wako walionilaumu kwamba nimewapotezea maji, nami niliwajibu tu kwamba maji hayo hayakuwahi kuwapo, na kwamba aliyewafanya wayaone ni mimi. Mmoja wao hajanisalimia vizuri mpaka leo. Namwelewa. Mtoto wake anasoma pale shuleni.

Kiangazi cha kwanza baada ya ujenzi kilikuwa kikali. Nilisubiri mpaka kijito kikawa kinapita kati ya mawe kwa aibu, ndipo nikateremka polepole, na fimbo, mpaka kitongoji cha mwisho. Sikumwambia mtu ninakokwenda. Dada yangu alikuwa kwenye foleni ya bomba, wa tatu au wa nne, amekalia jerikani yake.

“Umekuja kunywa au kukagua?” aliniuliza.

“Kunywa.”

“Basi utangoja zamu. Huku hakuna mkubwa wa mgongo.”

Wenzake wakacheka. Nilisimama nyuma yake, nikatazama jerikani za waliotutangulia zikijaa moja baada ya nyingine. Maji hayakuwa na nguvu, lakini hayakukatika. Zamu yake ilipofika, alijaza kikombe kwanza akanipa. Nikanywa chote, nikabaki nimesimama pale na mkono juu ya bomba lililo wazi, natazama yanavyotoka.

“Jaza jerikani, kaka,” alisema. “Watu wanangoja.”