Bastola ya Kinoo

Walimwita Kinoo, yaani jiwe la kunolea, na mkewe naye alilizoea jina hilo mpaka la kuzaliwa likamtoka kichwani. Kwa miaka thelathini na moja mtu huyu alinoa: visu vya wachinjaji, mikasi ya washonaji, shoka za wapasua kuni. Kibanda chake kilibanwa kati ya duka la mitumba na stoo ya mbao, na vumbi jeusi la chuma lilikuwa limeingia kwenye mikunjo ya viganja vyake likakataa kutoka. Chuma kikipita mikononi mwake kilitoka kama kimezaliwa jana. Mtaa mzima ulilisema hilo. Ni mtu mmoja tu ambaye hakulisema, na ndiye ambaye Kinoo alitaka alitamke: baba yake.

Mzee alikuwa bahili wa maneno. Alikuwa akifika kibandani, anaokota kisu kilichokwisha kunolewa, anakigeuza huku na huku, anasema "Haya," na kwenda zake. Mwana akabaki na hiyo "haya" yake, asijue aitie chumvi au sukari.

Na ilikuwepo bastola. Ilikuwa ya babu, ile ya tumbo linalozunguka lenye matundu sita, imeviringishwa kitambaa ndani ya kopo la biskuti juu ya kabati. Kinoo alipokuwa na miaka tisa aliinyooshea mkono. "Usiiguse," alisema mzee. Kaka yake alikuwa amesimama palepale wala hakuambiwa kitu. Ni kweli kaka hakunyoosha mkono, lakini mtoto wa miaka tisa si hakimu. Neno hilo lilimkaa rohoni miaka arobaini.

Mzee alipougua, akalala kitandani asiinuke tena, Kinoo ndiye aliyemgeuza, akamwogesha, akamlisha uji. Kaka alikuja kila mwisho wa mwezi na machungwa, akitazama saa. Siku moja mzee alimshika Kinoo kifundo cha mkono, akasema: "Ile bastola ni yako. Usiiguse. Mpelekee anayejua." Siku ya nne akafa. Wosia uliposomwa, nyumba ya vyumba vinne ikawa ya kaka.

"Mdogo wangu, usinune," kaka alimwambia. "Mzee alikuwa na akili zake."

"Na wewe umepata mdoli wa chuma," shangazi akadakia, na wenye kucheka wakacheka.

Kinoo hakucheka. Tusimsingizie tamaa, kwa maana kibanda kilimlisha yeye na mkewe na hawakulala njaa. Alichotaka ni kujua baba yake alimpima kwa mizani gani. Bastola ikiwa haina thamani, basi naye mbele ya mzee hakuwa na thamani, na uji wote ule alimlisha mtu aliyemhesabu kuwa si kitu.

Kwanza aliipeleka polisi, kama sheria inavyotaka. Fundi wao wa silaha aliikagua, akaona pini ya kugongea risasi iling'olewa zamani. Akaandika namba iliyochongwa chini ya kitako, akampa karatasi ya kumruhusu kuiweka kama pambo, na kumwelekeza kwa mthamini wa vitu vya kale. Mthamini akampa miadi ya Alhamisi.

Jumatatu asubuhi Kinoo alitandaza gazeti kibandani, akachukua brashi ya waya na msasa.

"Si baba alisema usiiguse?" mkewe aliuliza.

"Mke wangu, wewe utampa mgeni chai kwenye kikombe chenye masizi?"

Mkewe akamwachia brashi yake. Hata mimi ningemwachia.

Siku tatu alifanya kazi kwa mkono, bila mashine, kwa heshima. Kutu ilitoka. Ikatoka na ngozi ya rangi ya chai iliyofunika mtutu wote. Chini ya kitako ile namba ilikuwa imefifia, imejaa uchafu, inachafua uso uliokwisha kuwa laini. Alisita kidogo. Kisha akajiambia namba ipo kwenye karatasi, akapitisha msasa mara nane au tisa. Jumatano jioni aliipaka mafuta, akaiinua kwenye mwanga, ikang'aa. "Haya, baba," alisema, peke yake mle kibandani.

Mthamini alikuwa mama wa makamo mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani. Aliichukua karatasi kwanza, akafungua kitabu kinene, akashusha kidole kwenye orodha ya namba. Kidole kikasimama.

"Baba, hii umeitoa wapi?"

"Ni ya marehemu mzee. Na yeye aliachiwa na baba yake."

"Ina miaka mia moja thelathini na nne. Walitengeneza chache sana, na zilizobaki nilidhani nazijua zote." Alivuta pumzi. "Kama ni nzima na haijachezewa, hii inanunua nyumba."

"Nyumba ya vyumba vinne?"

"Na ua wake," mama alicheka.

Kinoo alishika ukingo wa meza. Nyumba kwa kaka, nyumba kwake. Mzee aligawa sawasawa, tena bila kumwambia mtu, kwa ule ubahili wake wa maneno. Akaona aibu kulia kwa furaha mbele ya mama wa watu.

"Haya, tuione yenyewe."

Aliifungua kwa mbwembwe, kama fundi anayekabidhi kazi. Mama hakuigusa. Alibadilisha miwani.

"Nani kaifanya hivi?"

"Mimi! Kwa mkono, bila mashine."

Aliigeuza taratibu, akapitisha ukucha chini ya kitako. Palikuwa laini kama kioo.

"Baba, hapa palikuwa na namba."

"Si ipo kwenye karatasi?"

"Karatasi itasema, lakini chuma nacho kilitakiwa kijibu. Ile ngozi yake ya kahawia ndiyo ilikuwa umri wake, na namba ndiyo jina lake. Sasa mtu yeyote anaweza kuniletea chuma chochote na karatasi hii." Akamimina maji kwenye glasi, akaisukuma kwake. "Siwezi kuipokea. Na silaha iliyofutwa namba ni kesi, baba yangu. Ipeleke polisi leo, kabla hawajakuuliza."

Afadhali angemfokea. Wahenga walimtishia asiyesikia la mkuu kwa guu kuvunjika. Kinoo angeyatoa yote mawili siku ile na kusema asante.

Njiani ndipo alipoelewa, na kuelewa kulimuumiza kuliko hasara. Mzee hakuidharau mikono yake. Aliiogopa. Alijua chuma kikiingia mle hakibaki na kutu hata chembe. Sifa aliyoingoja miaka yote ilikuwa ndani ya lile katazo, na yeye ameifuta kwa msasa.

Kituoni alikuwepo askari wa kike kijana. Alimsikiliza, akaandika maelezo, akamwambia kwa kuwa ameileta mwenyewe hatashtakiwa, ila bastola itayeyushwa mwisho wa mwezi pamoja na nyingine. Kisha akainyanyua dirishani.

"Lo! Nani kaing'arisha hivi?"

"Mimi."

"Kazi safi, mzee. Hongera." Akavuta droo, akatoa mkasi. "Hebu nitazamie na huu, haukati hata karatasi."

Kinoo aliupokea, kwa kuwa ni kazi na hakuwahi kuikataa kazi. Akatoa kipande cha jiwe alichotembea nacho mfukoni, akaanza kunoa palepale kaunta. Jiwe la kunolea hutaka maji. Siku hiyo hakuomba maji, machozi yalitosha.

Askari aliujaribu mkasi kwenye pembe ya gazeti, ukakata bila sauti. Akamtazama yule mzee usoni.

"Haya," akasema.