Mwenye Jagi

Siku zote tatu za kongamano la wataalamu wa mwendo wa maji, hotelini Diani, mhudumu mmoja mzee alimimina maji vivyo hivyo: mkono mmoja mgongoni, jagi limeinama taratibu, haondoki mpaka maji yatulie gilasini. Asubuhi ya mwisho aliitazama ramani ya mikoko ya Gazi iliyokuwa mbele ya Dakta Everline, mmoja wa wataalamu hao, akanong'ona, "Samahani, daktari. Kwenye kona hii, bahari ikijaa, maji huzunguka yakarudi yalikotoka. Ndiko nilikozaliwa."

"Asante, mzee. Niongezee maji tu," alijibu bila kuinua macho.

Ukumbini, Everline alipoionyesha ramani hiyo, profesa mmoja akauliza mbona vipimo vya kona ile vinazikataa hesabu za daktari. Everline akatazama mlangoni. Mhudumu alikuwa akitoka na jagi tupu. Daktari alifungua kinywa amwite, asijue amwite nani: siku tatu alikunywa maji ya mkono wake, jina hakumwuliza.