Nilipigwa picha ya ubongo kama mama mzima, na mzima sikuwa

Wakuu, salamu kutoka Kariobangi. Hii si hadithi ya kuambiwa. Kichwa kilichoingia kwa mashine ni changu, kwa hivyo ukibisha unabishana na mwenye kichwa.

Mimi ni fundi wa nguo, mama wa mtoto wa miezi minne. Tangu nijifungue nilikuwa nalia ovyo. Nilikuwa nalia nikifua, ili majirani wa plot, wale tunaopanga nao ua mmoja, wadhani ni sabuni imeniingia machoni.

Mtoto akinichekea, nilikuwa sisikii chochote ndani. Hilo ndilo lilinitisha.

Sasa, siku ya chanjo tukaambiwa kuna watafiti wanatafuta akina mama. Wanataka kujua homoni zikishuka baada ya kujifungua, ubongo unabadilika vipi, na ile kemikali ya serotonini inahusikaje na huzuni. Wanatoa damu, halafu wanapiga kichwa picha kwa MRI.

Nikajiandikisha mbio. Niliona mashine itajionea yenyewe, mimi nisiseme kitu.

Kabla ya picha kuna maswali. Dada mtafiti akauliza kama nalala vizuri. Poa. Hamu ya kula? Iko. Huwa unalia? Aii, hapana, namshukuru Mungu.

Si mnatujua watu wa huku kwetu Eastlands? Nyumba inaweza kuwa inavuja hadi kitandani, lakini ukisalimiwa uko fiti.

Basi nikawekwa kundi la wazima, wale wa kulinganishwa na wagonjwa. Nikatabasamu kama mtu amepita mtihani.

Ndani ya mashine ni kelele tupu, utadhani mafundi wa mabati wa hapa kwetu. Unaambiwa usitingishike. Nikalala tuli, na machozi yakaanza yenyewe. Mabega yakatetemeka, picha ikaharibika, nikatolewa.

"Mum, kuna nini?" dada akauliza.

"Si mtaona kwa picha?"

"Picha ya mtu mmoja haiwezi kuniambia ana huzuni. Sisi tunalinganisha watu wengi. Yako lazima uniambie wewe."

Nikamwambia yote, hata ya mtoto. Niliogopa atanihukumu, lakini hakushtuka hata kidogo. Akanitoa kundi la wazima (aibu gani hii, kufukuzwa uzima!) na akanipeleka mwenyewe kwa daktari.

Jioni mzee wangu, baba ya mtoto, alikuwa anapika. Akaniuliza nimeshindaje.

"Vibaya," nikamwambia. "Na si leo tu."

Akazima jiko, akaketi karibu nami.

Siku hizi niko na dawa, na kila wiki kuna mtu wa kuongea naye. Napona polepole, wakuu. Juzi mtoto alicheka, nami nikacheka kabla sijajua nacheka.

Nilichojifunza ni kwamba hakuna mashine itakusemea. Na kama kwako kuna mama wa mtoto mchanga, ukimsalimia usipite tu. Mngojee ajibu mara ya pili.

Haya, ingieni hapa chini. Mko aje? Atakayeandika "poa" namuuliza tena.