Dawa Iliyozimuliwa

Andika kama ninavyosema, mjukuu wangu, wala usinipambie.

Baba yako alizama delta alipokwenda kukata mikoko, nawe ukingali unanyonya. Maji hayakumrudisha. Tulimsalia bila jeneza, tukasoma hitima bila kaburi la kuzuru. Picha yake ya ukubwani ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa bado ndani ya kamera ya babu yako, kwenye mkanda ambao haujasafishwa.

Babu yako alikuwa na studio hapa Kibiti. Mimi sikusoma, lakini chumba chake cha giza nilikijua kama jiko langu. Wateja walikwisha kuhamia picha za rangi, na dawa ya kusafishia mikanda ya nyeusi na nyeupe haikupatikana tena madukani. Iliyobaki chupani haikutosha kuufunika mkanda.

"Tuizimue," akasema.

"Huo si mchuzi uongezewe maji kwa sababu wageni wamefika."

"Unadhani sijui? Joto linaula mkanda huu. Tukizidi kungoja, tutasafisha ukungu."

Sote wawili tulijua. Dawa kali huzilamba chembe za picha kingo zake zikalainika, ngozi ya mtu ikatoka kama ngozi. Ukiizimua, mkanda hukaa humo muda mrefu zaidi, na chembe hubaki na ukali wake, zikasimama kama mchanga. Mistari hukolea; ngozi hupotea.

Akaongeza maji. Kopo lenye mkanda na dawa nikalitikisa mimi.

Alipoikuza picha kwenye karatasi, ukosi wa shati ulionekana wazi, na nyusi pia. Shavu lilikuwa chenga tupu. Nami nilikuwa nimelitaka shavu. Babu yako akaugeukia ukuta. Sikumlaumu, wala sasa aliko udongoni simlaumu.

Juzi ukaipiga picha hiyo kwa simu yako.

"Bibi, hii inaziondoa chenga zote. Atatoka laini kama bwana harusi."

"Na shavu litatoka wapi?"

"Simu inalitengeneza yenyewe."

"Basi litakuwa shavu la simu, mke mwenzangu. Futa."

Ukacheka, kisha ukaona kwamba mimi sicheki. Ukafuta.

Ukaniuliza kama kweli shavu la baba yako lilikuwa laini. Nikasema ndiyo. Kiganja changu kilikuwa kikilikumbuka zamani. Siku hizi nikijaribu kulikumbuka, ninachogusa ni zile chenga za karatasi.